Rudolf Virchow: Daktari aliyefundisha dunia kusoma ugonjwa ndani ya kinyama

Mgonjwa wa ini anapoambiwa hospitalini kwamba itabidi achukuliwe kinyama, kinachofanyika ni hiki. Daktari anamchoma sindano ya ganzi, kisha anapitisha sindano nyingine ndefu kati ya mbavu za upande wa kulia na kutoa uzi mwembamba wa nyama ya ini. Uzi huo hupelekwa maabara. Huko hukatwa vipande vyembamba kuliko karatasi, hutiwa rangi, na daktari bingwa wa patholojia huvitazama kwa hadubini. Baada ya siku kadhaa karatasi ya majibu inarudi, na familia nyingi huipokea kama hukumu ya mahakama: imeandikwa, imekwisha.

Je, karatasi hiyo ni hukumu kweli? Ili kulijibu swali hilo, leo tunayatazama maisha ya Mjerumani Rudolf Virchow. Huyu ndiye aliyefanya zaidi ya mwingine yeyote kuwashawishi madaktari kwamba ugonjwa utafutwe ndani ya seli, yaani zile chembe ndogo zinazoujenga mwili. Na ni yeye pia ambaye, akiwa kwenye kilele cha sifa zake, alipelekewa vinyama kutoka kooni mwa mrithi wa kiti cha Ujerumani. Alitoa majibu. Mwaka mmoja baadaye mgonjwa alikuwa kaburini.

Mtoto wa mji mdogo

Rudolf Virchow alizaliwa tarehe 13 Oktoba 1821 katika mji mdogo wa Schivelbein, uliokuwa sehemu ya ufalme wa Prussia. Leo mji huo uko Poland na unaitwa Świdwin. Alikuwa mtoto wa pekee. Baba yake alikuwa mkulima aliyefanya pia kazi ya kutunza hazina ya mji, na nyumbani fedha hazikuwa nyingi.

Kijana huyo alikuwa na akili nyingi na alipenda lugha. Mwaka 1839 alipata nafasi katika chuo cha madaktari wa jeshi mjini Berlin. Chuo hicho kilisomesha bure vijana wasio na uwezo, nao wakalipa deni hilo baadaye kwa kulitumikia jeshi kama waganga. Virchow alihitimu udaktari mwaka 1843, akaanza kazi katika hospitali ya Charité, hospitali kubwa ya Berlin ambayo ipo hadi leo.

Kazi aliyopewa haikuwa ya kutibu wagonjwa wodini. Alipelekwa chumba cha maiti. Kila mgonjwa aliyefariki ambaye sababu ya kifo chake ilitakiwa kujulikana, alifunguliwa na kuchunguzwa kiungo baada ya kiungo. Wengi waliiona kazi hiyo kuwa chafu na isiyo na heshima. Virchow aliiona kuwa shule.

Katika miaka hiyo madaktari wengi wa Ulaya bado waliamini kwamba ugonjwa hutokana na majimaji ya mwili kuvurugika, au damu kuchafuka. Ndiyo maana mgonjwa alikuwa akipasuliwa mshipa ili damu imwagike, hata kama alikuwa tayari dhaifu. Virchow hakuridhika na maelezo yasiyoonekana kwa macho. Alitaka kuonyeshwa mahali hasa ugonjwa ulipokaa.

Mwaka 1845, akiwa na miaka 24 tu, alieleza ugonjwa wa mama mmoja mpishi aliyekuwa amevimba wengu na ambaye damu yake ilijaa seli nyeupe kupita kiasi. Baadaye aliupa ugonjwa huo jina la lukemia, na jina hilo ndilo linalotumika hadi leo kwa saratani ya damu. Alionyesha pia kwamba damu inaweza kuganda ndani ya mshipa wa mguu, donge likakatika, likasafiri na kwenda kuziba mshipa wa mapafu. Kabla yake, vifo vya namna hiyo vilikuwa fumbo.

Mwaka 1847, pamoja na rafiki yake Benno Reinhardt, alianzisha jarida la kitabibu baada ya majarida mengine kusita kuchapisha mawazo yao. Jarida hilo bado linachapishwa, na linaitwa kwa jina lake.

Njaa na homa kule Silesia

Mwanzoni mwa mwaka 1848 serikali ya Prussia ilimtuma Virchow katika jimbo la Silesia ya Juu. Huko ulikuwa umezuka ugonjwa wa taifasi, homa kali inayoenezwa na chawa. Watu walikuwa wakifa kwa maelfu. Wenyeji walikuwa wakulima na wafanyakazi maskini waliozungumza Kipolandi, ilhali wakubwa wao walizungumza Kijerumani. Mvua na baridi vilikuwa vimeharibu mazao, na njaa ilitangulia homa.

Virchow alikaa huko wiki tatu hivi. Aliingia katika vibanda, akaona familia nzima zimejilaza pamoja kwa baridi, akafungua maiti, akaandika. Serikali ilitarajia ripoti ya dawa. Yeye aliandika ripoti ya maisha. Alieleza kwamba homa ile isingeshika hivyo kama watu wangekuwa na chakula, nyumba bora, barabara, shule kwa lugha yao wenyewe, kodi ya haki, na sauti katika kuendesha mambo yao. Kwake yeye, daktari anayetibu homa na kuiacha njaa palepale alikuwa amefanya nusu ya kazi.

Alirudi Berlin mwezi Machi, na siku chache baadaye mapinduzi yakaanza mitaani. Alijiunga na waliodai demokrasia, akasaidia kujenga vizuizi vya barabarani dhidi ya askari. Katika mwaka huohuo alianzisha gazeti la kudai mageuzi ya afya. Mapinduzi yaliposhindwa, serikali haikumsahau. Mwaka 1849 alisimamishwa kazi Charité.

Chuo kikuu cha Würzburg, kusini mwa Ujerumani, kilimchukua kuwa profesa. Mwaka 1850 alimuoa Rose Mayer, na wakajaliwa watoto sita. Miaka saba aliyokaa Würzburg, mbali na kelele za siasa, ndiyo aliyopikia wazo lake kubwa.

Ugonjwa unakaa kwenye seli

Mwaka 1856 Berlin ilimuita arudi, safari hii kwa masharti yake: ajengewe taasisi mpya ya patholojia. Miaka miwili baadaye, mwaka 1858, alitoa mihadhara 20 kwa madaktari, kisha ikachapishwa kuwa kitabu kuhusu patholojia ya seli.

Wazo lenyewe linaeleweka kwa urahisi. Mwili ni kama kijiji kikubwa, na seli ndizo kaya zake. Kila seli huzaliwa na seli nyingine iliyoitangulia. Hakuna seli inayojitokeza yenyewe kutoka kwenye majimaji. Ugonjwa ni maisha ya seli yaliyobadilika: zimeumia, zimejaa mafuta, zimekufa, au zimeanza kuzaana bila mpangilio kama ilivyo kwenye saratani. Kwa hiyo anayetaka kuujua ugonjwa, akaziangalie seli.

Virchow hakuwa wa kwanza kusema kila sehemu ya wazo hili. Mwenzake Robert Remak, daktari Myahudi wa Berlin, alikuwa tayari ameonyesha kwamba seli huzaliwa kwa kugawanyika. Lakini Virchow ndiye aliyelichukua wazo hilo akaligeuza kuwa njia ya kuelewa magonjwa yote, akalifundisha kizazi baada ya kizazi. Wanafunzi walikuja kutoka nchi nyingi, kila mmoja akiwekewa hadubini mbele yake na kuambiwa atazame kabla ya kusema.

Hapo ndipo mlango wa kipimo cha kinyama ulipofunguka. Ikiwa ugonjwa huonekana kwenye seli, basi hakuna haja ya kungoja mgonjwa afe ndipo achunguzwe. Kipande kidogo kikitolewa akiwa hai, kinaweza kusema kilichomo.

Mitaro ya Berlin na nyama ya nguruwe

Virchow hakujifungia maabara. Mwaka 1859 alichaguliwa kuwa diwani wa jiji la Berlin, na baadaye mbunge. Berlin ya wakati huo ilinuka. Majitaka yalipita mitaroni kando ya barabara, na magonjwa ya kuhara yaliua watu kila mwaka. Virchow, akishirikiana na mhandisi James Hobrecht, alipigania mfumo wa mabomba ya chini ya ardhi wa kuyapeleka maji hayo mashambani nje ya jiji. Ujenzi ulianza miaka ya 1870. Alisimamia pia kujengwa kwa hospitali za wananchi.

Alichunguza minyoo midogo inayokaa kwenye nyama ya nguruwe na kuwaingia watu wanaoila bila kuiva. Akadai nyama ikaguliwe kwa hadubini kabla ya kuuzwa. Baadhi ya wachinjaji walikasirika, lakini ukaguzi huo ulikuja kuokoa maisha ya wengi.

Bungeni alikuwa mpinzani mkubwa wa Otto von Bismarck, kiongozi wa serikali. Mwaka 1865 Bismarck alikasirishwa na maneno yake mpaka akamtaka wapigane kwa silaha, mmoja kwa mmoja, kama ilivyokuwa desturi ya mabwana wa wakati huo. Virchow alikataa. Hakuona kwamba risasi huthibitisha nani anasema kweli.

Koo la mrithi wa kiti

Sasa tufike mwaka 1887. Kaisari Wilhelm wa Kwanza alikuwa na miaka 90. Mrithi wake, mwanawe Friedrich Wilhelm, alikuwa na miaka 55 na alipendwa na watu waliotaka Ujerumani yenye uhuru zaidi, akiwemo Virchow mwenyewe. Lakini tangu mwezi Januari sauti ya mrithi huyo ilikuwa imekwaruza na haikurudi sawa.

Madaktari wa Berlin walipoangalia kooni kwa kioo waliona uvimbe mdogo kwenye uzi wa sauti wa upande wa kushoto. Walijaribu kuuchoma kwa waya wa moto, ukarudi. Mpasuaji Ernst von Bergmann na wenzake walishuku saratani. Walishauri koo lipasuliwe ili uvimbe utolewe, na mwezi Mei maandalizi yalianza. Upasuaji huo ulikuwa wa hatari kubwa: mgonjwa angeweza kufa mezani, au kubaki bila sauti.

Kabla ya kisu, aliitwa daktari wa koo maarufu kutoka London, Morell Mackenzie. Yeye alisema asiyepima asiseme saratani. Alitaka kinyama kitolewe na kipelekwe kwa Virchow. Tarehe 21 Mei 1887 alipitisha koleo mdomoni mwa mgonjwa, akang'oa kipande kidogo.

Virchow alikitazama. Hakuona saratani. Lakini kipande kilikuwa kidogo mno, akaomba kingine. Cha pili hakikusaidia sana. Cha tatu, kilichotolewa mwezi Juni, kilikuwa kikubwa zaidi. Ndani yake aliona ngozi laini ya koo imekuwa nene, kama sugu, lakini hakuona seli za saratani.

Hapa tusome taratibu, kwa sababu ndipo penye somo. Ripoti ya Virchow ilieleza kwamba katika vipande alivyopelekewa hakuna dalili ya saratani. Ilieleza pia kwamba kutokana na vipande hivyo haiwezekani kusema kwa uhakika kama sehemu yote ya ugonjwa iko vivyo hivyo. Alisema alichokiona, na akaweka mpaka wa alichokiona.

Mpaka huo haukusikika. Waliotaka habari njema walisikia kwamba mwana wa Kaisari hana saratani. Upasuaji ulifutwa. Mrithi alisafiri kwenda Uingereza kwenye jubilei ya mama mkwe wake, Malkia Victoria, akiwa na matumaini. Magazeti ya Ujerumani na Uingereza yakagombana: madaktari wa nani ndio wajuzi?

Mwezi Novemba, akiwa San Remo huko Italia, uvimbe mpya ulionekana na hata Mackenzie hakuweza tena kukana. Februari 1888 mgonjwa alishindwa kupumua, akatobolewa koo na kuwekewa mrija. Tarehe 9 Machi baba yake alifariki, naye akawa Kaisari Friedrich wa Tatu, mtawala asiye na sauti, aliyetoa amri zake kwa kuandika kwenye karatasi. Alitawala siku 99. Alifariki tarehe 15 Juni 1888.

Aliyeitwa kushiriki katika uchunguzi wa maiti alikuwa Virchow. Safari hii hakupewa kipande. Koo lote lilikuwa mbele yake. Saratani ilikuwepo, nayo ilikuwa imekula koo.

Kiti kilikwenda kwa mwana wa marehemu, Wilhelm wa Pili, kijana wa miaka 29 aliyependa jeshi na ukuu. Mwaka huohuo wa 1888, katika pwani ya Tanganyika, watu wa Pangani na miji mingine waliinuka pamoja na Abushiri bin Salim dhidi ya kampuni ya Wajerumani, na ni serikali ya Kaisari huyo mpya iliyotuma vikosi kuwakandamiza. Wanahistoria wamebishana sana kama Friedrich angeishi mambo yangekuwa tofauti. Hakuna awezaye kuthibitisha. Kinachojulikana ni kwamba vipande vidogo vya nyama viliwahi kubeba uzito mkubwa namna hiyo.

Nani alikosea?

Kwa muda mrefu watu walimlaumu Virchow kwamba alishindwa kuiona saratani. Wataalamu waliosoma upya ripoti zake miaka mingi baadaye wana maelezo mengine. Kuna aina ya saratani ya koo ambayo juu yake hufanana na sugu ya kawaida, na ubaya wake huonekana tu chini, pale inapochimba. Koleo la Mackenzie lilifika juu. Inawezekana sana kwamba Virchow alisoma kwa usahihi kipande ambacho hakikuwa na habari yenyewe.

Majibu ya kinyama huzungumzia kinyama. Kuyageuza majibu ya kinyama kuwa majibu ya mtu ni kazi ya pili, na hiyo hufanywa kwa kuunganisha hadubini na mgonjwa mwenyewe: historia yake, dalili zake, mkono wa daktari juu ya mwili wake, na vipimo vingine. Madaktari wa Berlin walioangalia kooni walikuwa na mashaka ya haki. Mashaka hayo yalipaswa kubaki mezani hata baada ya karatasi ya Virchow kufika.

Kutoka koo hadi ini

Miaka minne tu kabla ya mkasa huo, katika hospitali ileile ya Charité, daktari kijana Paul Ehrlich alichoma ini la mgonjwa kwa sindano na kutoa chembe za kuchunguza sukari iliyohifadhiwa humo. Hiyo huhesabiwa kuwa mara ya kwanza sindano kutumika kuchukua nyama ya ini kwa uchunguzi. Kipimo hicho kilienea zaidi baada ya mwaka 1958, pale Giorgio Menghini wa Italia alipoeleza njia ya kuchoma na kutoa kwa sekunde moja, hatari ikapungua.

Ini ndicho kiungo ambacho somo la Virchow linahitajika zaidi. Ini la mtu mzima lina uzito wa kilo moja na nusu hivi. Uzi unaotolewa na sindano ni kama sehemu moja tu kati ya 50,000 ya ini zima. Ni kama kuonja punje moja na kuhukumu gunia. Ndiyo maana wataalamu hutaka uzi usiopungua sentimita 2. Ukiwa mfupi au umevunjikavunjika, ugonjwa unaweza kuonekana mdogo kuliko ulivyo.

Katika utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002, wagonjwa 124 wenye homa ya ini ya aina ya C walichukuliwa vinyama viwili, kimoja upande wa kulia wa ini na kingine upande wa kushoto. Karibu theluthi moja yao walipata majibu yaliyotofautiana kwa hatua moja ya makovu au zaidi. Mtu yuleyule, ini lilelile, siku ileile.

Msikilizaji, ukiona karatasi ya majibu ya ini, mara nyingi utakuta mambo mawili yamepimwa. La kwanza ni moto: kiasi gani ugonjwa unaliunguza ini wakati huu. La pili ni makovu: kiasi gani ini limekwisha kuumia. Makovu hupewa namba, mara nyingi kuanzia 0 mpaka 4. Namba 0 maana yake hakuna kovu. Namba 4 ni sirosisi, yaani ini limejaa makovu na kuwa gumu. Mtu anaweza kuwa na moto mkubwa na makovu machache, na huyo akitibiwa mapema ana nafasi nzuri. Mwingine anaweza kuwa na moto mdogo huku makovu yamejaa. Kwa hiyo kusikia tu kwamba moto ni mdogo si sababu ya kuacha kliniki.

Jambo jingine: hadubini huona jeraha, lakini mara nyingine haioni aliyelitia. Ini lililojaa mafuta kwa sababu ya pombe na ini lililojaa mafuta kwa sababu ya unene na kisukari hufanana sana kwenye kioo. Dawa, zikiwemo za mitishamba, zinaweza kuliumiza ini kwa sura inayofanana na ya virusi. Anayetofautisha ni daktari aliyekaa na mgonjwa na kumuuliza, na mgonjwa aliyejibu kweli. Ukificha dawa ulizokunywa, umemnyima msomaji wa kinyama nusu ya ukurasa.

Kwa wanaoishi kando ya Ziwa Victoria na maziwa mengine yenye kichocho cha tumbo, kuna la ziada. Mayai ya kichocho hukwama kwenye matawi ya mshipa unaoleta damu kutoka utumbo hadi ini. Makovu hufuata mishipa hiyo, na katikati yake nyama ya ini hubaki nzuri. Sindano inaweza kupita kwenye nyama nzuri, majibu yakarudi mepesi, ilhali mgonjwa ana tumbo lililojaa maji au anatapika damu. Katika hali hiyo kipimo cha picha cha utrasaundi, kinacholitazama ini zima, kinaweza kusema zaidi ya kinyama.

Hii haina maana kwamba kinyama hakifai. Katika magonjwa mengi ndicho kinachotoa jibu ambalo damu na picha haziwezi kulitoa. Ila majibu yakifika, kuna maswali ambayo mgonjwa au ndugu yake ana haki ya kumuuliza daktari kwa heshima. Je, kinyama kilitosha? Kilichukuliwa sehemu iliyoshukiwa hasa? Majibu yanalingana na dalili na vipimo vingine? Yasipolingana, tunarudia au tunapima kwa njia nyingine? Daktari mzuri hatakasirika. Ni maswali ambayo yeye pia hujiuliza.

Mtu mkubwa, makosa makubwa

Virchow hakuwa malaika. Ignaz Semmelweis alipowaambia madaktari wanawe mikono kabla ya kuwagusa kina mama wanaojifungua, Virchow alikuwa miongoni mwa wakubwa waliompinga kwanza. Aliamini kwamba kifua kikuu ni magonjwa mawili tofauti, kwa kuwa chini ya hadubini majeraha yake yalikuwa na sura mbili. Mwaka 1882 Robert Koch alionyesha kwamba kimelea ni kimoja. Mifupa ya kale iliyopatikana bonde la Neander, Virchow alisema ni ya mtu wa kawaida aliyeugua. Leo inajulikana kuwa ni ya jamii nyingine ya binadamu wa kale.

Alipenda pia kuchunguza maumbile ya watu wa mataifa mbalimbali, akakusanya mafuvu kutoka pembe nyingi za dunia. Katika zama zile za ukoloni mafuvu mengi yalichukuliwa makaburini au baada ya vita, bila ndugu kuombwa ridhaa. Makumbusho ya Berlin bado yana mabaki ya watu wa Afrika Mashariki yaliyokusanywa na watafiti wa enzi hizo, na suala la kuyarudisha kwao ni hai hadi leo. Wakati huohuo, Virchow alipopima rangi ya macho na nywele za watoto wa shule karibu milioni 7 wa Ujerumani, matokeo yaliwavunja moyo waliodai kwamba kuna kabila safi la Kijerumani. Aliyatangaza bila kuficha.

Mwisho wa safari

Oktoba 1901 madaktari kutoka nchi nyingi walikusanyika Berlin kumpongeza kwa kutimiza miaka 80. Alikuwa bado anafanya kazi. Miaka miwili kabla yake alikuwa amefungua jumba la makumbusho lenye zaidi ya vielelezo 20,000 vya viungo vyenye magonjwa, ili hata mwananchi wa kawaida aje ajionee.

Tarehe 4 Januari 1902, akiwahi mkutano, aliruka kutoka kwenye tramu kabla haijasimama. Alianguka akavunjika mfupa wa paja. Hakupona vizuri. Alifariki tarehe 5 Septemba 1902, na jiji la Berlin likamzika kwa heshima kubwa.

Leo, kila kinyama kinachowekwa chini ya hadubini, iwe Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, kinasomwa kwa njia aliyoijenga. Na kila daktari anayeandika kwenye majibu kwamba kipande kilikuwa kidogo, au kwamba majibu yaunganishwe na hali ya mgonjwa, anarudia jambo ambalo Virchow aliliandika mwaka 1887 na wakubwa wa Berlin na London hawakulisikia. Maneno hayo huandikwa chini kabisa ya karatasi. Ukipewa majibu yako, soma mpaka mwisho, au mwombe daktari akusomee.